Chenga kwa Wageni wa Jumamosi

Jumapili, 3 Agosti

Ibada ya kwanza. Baridi. Nimerudi, nimewasha jiko, nimekoroga uji na kunywa vikombe viwili nikiwa nimesimama. Kisha nimehesabu siku. Sita mpaka Jumamosi.

Nina hofu. Niandike wazi, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Jumamosi Mama Kamau anakuja kula chakula cha mchana nyumbani kwangu, hapa Membley, Ruiru. Ni mama wa mume wa binti yangu. Hatujazungumza tangu Desemba.

Kosa ni langu. Krismasi tulialikwa kwake Gatuanyaga. Alikuwa akipika njahi, yale maharagwe meusi ya Wakikuyu, na dada zake wamejaa jikoni. Nikamweleza kwamba njahi zilipaswa kulowekwa usiku kucha na maji ya kwanza kumwagwa. Nikaeleza kwa nini. Alikuwa akinisikiliza tu. Halafu nikamtoa mwiko mkononi ili nimwonyeshe. Mkononi mwake, jikoni mwake. Alijifuta mikono, akatoka nje, akakaa na mbuzi.

Januari bakuli langu lilirudi kupitia Kamau, mkwe wangu. Nilikuwa nimelipeleka na keki. Lilirudi tupu. Wakikuyu hawarudishi chombo kitupu; hata kama ni viazi viwili, vitatiwa ndani. Nililitazama lile bakuli muda mrefu.

Binti yangu Nasimiyu anajifungua mwishoni mwa mwezi huu, na atakaa kwangu wiki za kwanza. Mama Kamau amesema hatakanyaga nyumba ya mwalimu, ndivyo anavyoniita. Mtoto atapelekwa Gatuanyaga akaonwe huko. Nasimiyu na Kamau wamembembeleza. Amekubali kuja mara moja tu, kabla ya mtoto. Aone. Akiondoka kama alivyokuja, basi, hatarudi.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefua mapazia. Nimeanza kupika kwa majaribio.

Chakula kitakuwa cha Kijapani. Ni wazo la Nasimiyu. Alisema nikipika kuku na ugali kama kwetu Bungoma, Mama Kamau atakula kwa adabu na kunyamaza. Nikipika mukimo, viazi na mahindi ya kuponda ya kwao, itakuwa vita. Kwa hiyo nipike kitu ambacho hakuna kati yetu aliye bingwa wake. Msichana ana akili. Lakini amesahau kwamba nilipoanza kazi Thika nilikaa nyumba moja na Bi Keiko, mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, miaka miwili. Aliniachia vikombe na mkeka mdogo wa mianzi wa kuviringishia wali, na ninalo bado daftari la mapishi niliyoyaandika akiniamuru. Si bingwa. Ila si mgeni pia. Hilo lanitia wasiwasi zaidi kuliko kama nisingejua lolote.

Leo nimefanya supu. Wajapani huanza supu kwa kuchemsha samaki wadogo waliokaushwa, kisha huwatoa, maji yabaki na ladha. Bi Keiko alikuwa akitumia omena wa sokoni. Unatoa vichwa, maana ndivyo vinavyoleta uchungu, unachemsha kwa moto mdogo, unachuja. Ikatoka safi, rangi ya chai hafifu. Nikafurahi saa nzima.

Jioni Nasimiyu amepiga simu kutoka kwake Kalimoni. Nikamsifia supu. Akauliza, "Mama, huyo mama hali samaki. Ulisahau?"

Nilisahau. Nimeishi na Wakikuyu zaidi ya nusu ya maisha yangu. Najua wazee wao wengi hawali samaki, hata harufu hawaitaki. Nilikuwa nikifikiria supu yangu. Sikuwa nikifikiria kinywa chake. Ni kosa lilelile la Desemba, nimelivalisha nguo nyingine.

Nimempa paka wa jirani omena wote. Supu itakuwa ya uyoga uliokaushwa.

Jumanne, 5 Agosti

Jaribio la wali. Limeshindwa.

Nimetumia mchele wa pishori, ile ya daraja la kwanza kutoka Mwea. Nikaosha mara tano, nikaloweka, nikapika, nikatia siki, sukari na chumvi, nikaupepea na gazeti upoe. Nikaupanga kwenye karatasi ya daftari juu ya mkeka wa mianzi, maana karatasi za mwani za kuufungia sijanunua bado. Nikaviringisha. Ukakatika kama mchanga.

Sababu naijua. Pishori ina punje ndefu, na wanga wake ni wa kuachana. Ndiyo maana tunaipenda: ukiipakua, kila punje iko peke yake. Wajapani wanataka kinyume chake, punje zishikane mkono. Chenga zingefaa, zile punje zilizovunjika mashineni. Zinatoa wanga mwingi, zinashikana zenyewe.

Lakini chenga ni za uji na za kuku. Hapa kwetu mgeni hapewi chenga. Ukimpa umemwambia thamani yake. Tena mgeni huyu? Mama Kamau anauza nafaka soko la Thika tangu kabla Kamau hajazaliwa. Mchele anautambua kwa kuusikia ukimwagwa. Nimpikie chenga, aone nimempimia kipimo cha kuku?

Hapana. Pishori, nitaongeza maji.

Jumatano, 6 Agosti

Supamaketi kubwa kando ya barabara kuu. Karatasi za mwani, zipo. Sosi ya soya, ipo. Siki nyeupe. Tangawizi nimechukua kwa mama mboga, ni nzuri zaidi. Parachichi ni za mti wangu.

Nasimiyu amekuja mchana. Miguu imemvimba. Nimemwekea maji ya vuguvugu na chumvi, nikaanza kumweleza kwa nini maji ya mwili hushuka miguuni. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, kwa upole, jambo lililonichoma:

"Mama, Jumamosi hakuna darasa. Tafadhali. Mimi nataka nyanya wawili, sitaki mwalimu na mwanafunzi."

Nikasema sawa. Akaniuliza kama naweza. Nikasema sawa tena.

Amesema pia Mama Kamau alimpigia kuuliza nitapika nini. Nasimiyu akamweleza, hadi ule wali unaoshikana. Mama Kamau akauliza, "Unaoshikana namna gani?" Akaelezwa. Akasema, "Mm." Basi. Nimemuuliza Nasimiyu ilikuwa "mm" ya namna gani. Amesema ni mm tu.

Nimeifikiria hiyo mm hadi jioni.

Alhamisi, 7 Agosti

Jaribio la pili. Maji mengi. Umekuwa bokoboko, lakini ulipopoa uliviringika. Mbaya kwa macho, si mbaya kinywani. Utapita. Labda.

Mayai ya kukunja yametoka vizuri. Kuku nimempika kwa sosi ya soya, sukari na tangawizi mpaka mchuzi ukanata. Huyo hana tatizo. Kuku hajawahi kunitia aibu.

Nimejiandikia mambo ya kutosema. Nisiseme chochote kuhusu kuloweka. Nisiseme "kwa kawaida". Nisiseme "unaona". Akiita Wajapani Wachina, nimwache. Akiweka chumvi kabla ya kuonja, nimwache. Nimeibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati la vikombe. Ni ujinga kwa mtu wa miaka sitini na tisa, lakini miaka thelathini na moja ya chaki haitoki kwa kunawa.

Sijui nitaombaje msamaha. Nimeandika sentensi nne na zote zinaanza na maelezo.

Ijumaa, 8 Agosti



Nimefuta madirisha. Nimepanga meza, nikaipangua, nikaipanga tena. Vikombe vya Bi Keiko visivyo na mkono: nimevitoa, nimevirudisha. Vingeonekana majivuno. Nimevitoa tena. Vijiti vya kulia sitaweka. Vijiko.

Kamau atawaleta wageni na Nasimiyu kwa gari na kuwaacha langoni. Hataingia kula. Kwetu Bukusu mkwe wa kiume hali mbele ya mama wa mkewe, nami sili mbele yake. Kamau ni Mkikuyu, lakini ameishika desturi hii kwa furaha kuliko Mbukusu yeyote niliyewahi kumwona. Kesho ningetamani nami niwe na desturi ya kunitoa mezani.

Mama Kamau anakuja na dada yake, Tata Nyokabi. Tata Nyokabi alikuwapo jikoni Desemba. Ana ulimi.

Jumamosi, 9 Agosti, asubuhi

Saa kumi na mbili na nusu. Nimeamka kabla ya jogoo wa ng'ambo ya ukuta. Kuku amekatwakatwa. Uyoga umelowekwa. Pishori imeoshwa. Nimekata tangawizi nene kuliko nilivyotaka.

Mungu, nifunge mdomo.

Jumamosi, 9 Agosti, jioni

Niandike kwa mpangilio, vinginevyo nitaanzia mwisho.

Walifika saa sita. Mlinzi wa lango alinipigia. Mama Kamau amevaa sweta la kijani na kitambaa kichwani. Amekonda. Tulipeana mikono. Mkono wake mkavu, mzito, wa mtu wa magunia. Habari, nzuri. Safari, nzuri. Ni baridi huku Ruiru kuliko kwao. Ni baridi, nikakubali. Nilikuwa karibu kueleza sababu ya ukungu. Sikueleza.

Akanipa kiondo kwa mikono miwili. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikakipeleka jikoni, nikakifungua kama inavyotakiwa. Ndizi. Viazi vitamu. Na mfuko wa karatasi wa kilo mbili. Nikaufungua.

Chenga.

Nilisimama pale na mfuko wazi. Masikio yakawaka moto. Mwanamke anayeuza pishori, sindano, mchele wa kila aina, amepita magunia yote hayo na kunichotea chenga. Za kuku. Nikasema moyoni, haya, amejibu, na amejibu vizuri. Bakuli tupu lilikuwa salamu tu. Nilitaka kukaa chini. Nasimiyu akaingia, akauona mfuko, akaniona uso. Nikamwambia nina haja ya kuviringisha wali, aende akawape chai.

Nikaviringisha wali wangu wa pishori. Sijui kama ni maji au ni mikono, lakini haukuwa kama wa Alhamisi. Nilipoutia kisu ulifumuka. Wa pili ukafumuka. Wa tatu nikaukata mnene, ukasimama kidogo kisha ukalala kwa ubavu na parachichi likatoka. Nikaweka hivyohivyo kwenye sinia, kwa sababu watu walikuwa wamesubiri na sikuwa na kingine.

Nikaleta mezani. Tukaomba. Tata Nyokabi aliinua kipande, wali ukamdondokea kwenye kikombe cha supu, akabaki ameshika karatasi ya mwani tupu. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Mwalimu ametuwekea karatasi ya kaboni," akasema. "Nikimaliza kula nitakuwa na nakala yangu."

Nasimiyu akacheka, akajizuia. Mimi sikuweza kucheka. Mama Kamau hakucheka pia. Alikuwa akitazama sinia. Kisha akachukua punje tatu za wali kwa vidole, akazisugua, akazitazama.

"Hii ni pishori ya namba moja," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Ni ghali."

Nikasema ndiyo.

"Nilikuletea ya kushikana. Hukuiona?"

Sikuelewa mara moja. Yeye akaendelea kwa sauti ile ya sokoni, bila haraka, akinitazama kifuani. Alisema Nasimiyu alipomweleza huo wali, aliulizauliza. Kuna mpishi wa hoteli ya Wachina mjini ambaye kila mwezi hununua chenga kwake, tena huchagua zilizo nyeupe. Mama Kamau alidhani mpishi anafuga kuku. Wiki hii amemuuliza, na mpishi akamwambia ni za kukandia wali. Ndipo akanipepetea hizi kilo mbili mwenyewe Alhamisi, akatoa mawe yote.

Amepepeta. Alhamisi, wakati mimi nikibandika karatasi kabatini.

Tukasimama, mimi na yeye. Sikumbuki nani alisimama kwanza. Tukaingia jikoni. Nikawasha gesi, nikaweka sufuria. Mwiko wangu ulikuwa ukining'inia kwenye msumari wake. Nikauchukua, nikaugeuza, nikamwelekezea mpini. Sentensi zangu nne zote zilipotea.

"Desemba nilikunyang'anya huu," nikasema.

Alitazama mpini. Hakuushika upesi.

"Haukuwa huu. Wangu ni mrefu."

"Ni kweli."

"Na njahi zile zilikuwa zimelowekwa, Mwalimu. Tangu juzi yake. Hukuniuliza."

Hilo sikulijua. Miezi minane nimejilaumu kwa namna ya kusema, nikiamini nilichosema kilikuwa sahihi. Nikasema, "Nisamehe, Mama Kamau. Nifundishe huu wali."

Akaushika mwiko.

Alizisuuza chenga mara moja tu. Daftari langu linasema mara tano, hadi maji yawe maangavu kama dirisha. Nikauma ulimi. Akatia maji kwa kupima na kidole, hadi kifundo cha kwanza. Hakuloweka. Zilipochemka akapunguza moto, akafunika na kitambaa chenye maji chini ya kifuniko. Akanieleza kila hatua. Kwa nini kitambaa. Kwa nini moto mdogo. Kwa nini usifunue. Mengine nilikuwa nikiyajua tangu chuoni, na mawili nina hakika si kweli. Nikaitikia yote. Wakati fulani alisema "unaona", na nikasema naona.

Tata Nyokabi alikuja mlangoni na kikombe kisicho na mkono. "Si hizo ni za kuku?"

"Ni kuku wa Wachina," Mama Kamau akasema.

Wajapani, nikataka kusema. Nikatazama mlango wa kabati la vikombe.

Wali ukaiva. Tukaupoza kwa kawa na gazeti, wanawake watatu wazee kuzunguka sufuria moja. Nikatia siki na sukari. Akaonja, akakunja uso, akaonja tena. Akasema unafanana na uji uliochachuka, na uji uliochachuka anaupenda. Mkeka wa mianzi hakuutaka. Akalowesha viganja kwa maji ya chumvi, akachota wali, akaufinyanga kama anavyofinyanga mukimo wa mtoto: anabonyeza, anageuza, anabonyeza. Ukatoka duara, imara, unang'aa. Akaufunga kipande cha mwani kiunoni kama leso. Bi Keiko alikuwa akifanya hivyohivyo siku za safari. Hilo nalo sikulisema.

Wangu wa kwanza ulikuwa na ufa. Akaninyang'anya, akaubonyeza upya, akanirudishia.

"Sasa tumelipana," akasema.

Ndipo nilipocheka. Nilicheka hadi nikashika sinki.

Tulikula saa nane. Kuku akaisha. Nasimiyu alikula matonge manne, akasema mtoto amerusha teke. Mama Kamau akanawa mikono tena, akaifuta, akaweka kiganja kwenye tumbo la Nasimiyu bila kuomba ruhusa ya mtu. Akakiacha hapo. Akamuuliza Nasimiyu kitanda kitawekwa chumba gani. Nasimiyu akamwonyesha. Nikawasikia huko ndani wakibishana kuhusu dirisha na upepo. Mama Kamau anasema kitanda kihamishwe upande wa pili.

Kamau alipiga honi langoni saa kumi na moja. Hakushuka.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada ya kwanza. Jua kidogo leo. Nimerudi, nimewasha jiko. Badala ya uji nimepasha wali wa jana kwenye kikaango, matonge mawili, na chai.

Nimehamisha kitanda. Upande wa pili kuna baridi zaidi, lakini nimehamisha.

Kiondo chake kimebaki jikoni, kwenye kiti. Nilimpigia kumwambia amekisahau. Akasema, "Sijasahau." Akasema atakijia mtoto akizaliwa, au mimi nikipata nafasi nikipeleke. Nikasema nitakipeleka Jumatano. Akasema Jumatano yuko sokoni, niende Alhamisi, yuko nyumbani, atapika njahi.

Nimeanza kukijaza. Parachichi kumi na mbili, ngumu, za mti wangu. Gatuanyaga ni kukavu, hazimei vizuri. Juu yake niliweka karatasi niliyoandika asubuhi kumweleza jinsi ya kuziivisha.

Nimeitoa.